Mabaki ya chakula kwenye tangi kubwa la mbuna: mambo ya kuzingatia ukiwa Mbeya

Anayefuga mbuna, samaki wa kwenye mawe wa Ziwa Nyasa, kwenye tangi la lita 400 au 600 huanza na swali moja: nimweke samaki gani wa kula mabaki? Hakuna. Kambare wadogo wa ziwani wataokota kiasi, lakini nao wananya, na kilichojificha nyuma ya mawe hawakimalizi. Kazi ni yako, na inaanzia kwenye kipimo cha chakula.

Mbuna 30 wa sentimita 10 hivi wanatosheka na gramu 5 hadi 8 za chakula kikavu kwa siku, zikigawanywa mara mbili. Pima mara moja kwenye mizani ya jikoni, kisha chora alama kwenye kifuniko cha chupa utumie hicho kila siku. Chakula kiishe ndani ya dakika moja. Kikipita hapo, umezidisha, hata kama samaki bado wanakimbilia kioo ukipita. Mbuna hana siku anayosema ameshiba. Wengi wao kiasili hukwangua mwani kwenye mawe na wana utumbo mrefu, kwa hiyo chakula cha kunenepesha sato, ambacho ndicho rahisi kupatikana madukani, kina protini nyingi mno kwao. Kikiwa na punje kubwa ndiyo balaa zaidi: wanaitafuna, nusu inatoka kwenye matamvua kama unga, na huo unga ndio unaochafua maji.

Mwaga chakula pande mbili za tangi kwa wakati mmoja. Dume mbabe hufukuza wenzake kwenye jiwe lake, kwa hiyo chakula kinachoangukia hapo hakiliwi na mtu. Ukitafuta mabaki, anzia chini ya jiwe la mbabe.

Kwa nini tuhangaike hivyo? Chakula kikioza kinatoa amonia. Mbuna wanataka maji yenye pH (kipimo cha uchachu) ya 8 kwenda juu, na kwenye pH 8.3 sehemu ya amonia iliyo sumu ni zaidi ya mara kumi ya ile ya pH 7. Halafu kuna suala la mwinuko. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji ya hapa hushika oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko ya Dar es Salaam yenye joto lile lile. Bakteria wanaoozesha mabaki wanagombea oksijeni hiyo hiyo na samaki. Kwa hiyo ushauri wa mtu wa pwani usiuchukue mzima mzima: ongeza pampu ya hewa.

Kunyonya mabaki, chukua mpira wa nusu inchi, chomeka kwenye mdomo wa chupa ya maji ya nusu lita iliyokatwa kitako. Shikilia sentimita 2 au 3 juu ya mchanga; uchafu unapanda, mchanga unarudi chini. Changarawe kubwa ni mbaya kwa tangi hili, maana punje huzama katikati yake na kuozea huko. Mawe yapange yakiacha upenyo kwa nyuma, pampu ndogo isukume maji humo kuelekea mdomo wa chujio. Kabla ya kumwaga ndoo kwenye mchicha, iangalie: vifaranga hunyonywa pia.

Kilichonaswa na chujio bado kiko ndani ya maji, kinaoza. Sponji ya mbele ikamue mara mbili kwa wiki kwenye ndoo ya maji ya tangi. Usitumie ya bomba, klorini itaua bakteria wazuri, wale wanaoondoa amonia.

Kila wiki badilisha asilimia 30 ya maji. Juni na Julai maji ya bomba ni baridi kali. Ongeza ya moto mpaka tofauti na tangi isizidi nyuzi 2.

Umeme ukikatika, usilishe. Hita imezima, chujio limesimama, na joto likishuka chini ya nyuzi 22 tumbo la samaki linafanya kazi polepole. Mbuna mzima mwenye afya anakaa siku kadhaa bila kula.

Mtoto akimwaga kopo zima, chota kwa wavu kinachoelea, nyonya kilichozama, badilisha nusu ya maji siku hiyo hiyo, hewa iongezwe, na chakula kisionekane kwa siku mbili.