Niende shahada au nihame wodi? Jibu kwa mkunga wa Pemba aliyechoshwa na zamu za usiku

SWALI: Assalaam alaykum, na shikamoo dada. Mimi ni muuguzi mkunga wa stashahada, nipo wodi ya wazazi huku Pemba. Kuzalisha nakupenda, lakini zamu za usiku zimenimaliza. Nikirudi asubuhi usingizi hauji, ukija naamshwa, na siku hizi nimekuwa mkali kwa wazazi, tabia ambayo sikuwa nayo. Wenzangu wananishauri nikasome shahada ya afya ya jamii ili nitoke wodini. Wengine wanasema nisome uuguzi. Nifuate lipi, na usingizi huu nautengenezaje?

JIBU: Waalaykumu salaam, marahaba mdogo wangu. Umeyafunga mambo mawili kitita kimoja, nami nitayafungua. Shahada ni miaka kadhaa ya umri wako, na uamuzi wa namna hiyo haufai kukatwa na mtu ambaye hajalala. Tuanze na usingizi.

Mwili una saa yake, inafuata mwanga wa jua, wala haijali ratiba aliyoibandika mfawidhi ukutani. Baina ya saa 9 usiku na saa 12 alfajiri joto la mwili liko chini kabisa, macho mazito, akili nzito, na ndipo makosa ya dawa yanapopenya. Watafiti waliwahi kuwapima watu waliokaa macho saa 17 mfululizo, wakawakuta wanaitikia mambo polepole kama mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu. Sisi tusioigusa pombe twaingia chumba cha kujifungulia na ulevi wa aina hiyo, tena kwa halali.

Kwa hiyo katika saa hizo usijiamini. Chukua mfano wa oksitosini, dawa ya kuukaza mfuko wa uzazi. Uniti 10 zikichomwa msulini baada ya mtoto kutoka, na umeshapapasa tumbo ukahakikisha hakuna wa pili, zinamkinga mama na kutokwa damu. Zichome kwa pupa kabla mtoto hajatoka, unaweza kuupasua mfuko wa uzazi. Dawa ni ileile, mkono ni uleule. Ampuli isogeze kwenye taa, soma jina na kipimo kwa sauti, mwonyeshe mwenzako, ndipo uivunje shingo. Atakayecheka mwache acheke.

Sasa kulala kwenyewe. Siku ya kuingia usiku wa kwanza, pata usingizi wa saa moja na nusu hivi alasiri. Hapo utakuwa hujaingia kazini ukiwa macho tangu Alfajiri. Kahawa kunywa mwanzoni mwa zamu. Ikishafika saa 8 usiku iache, kwa sababu ukipita muda wa kama saa 5 tangu uinywe, nusu yake bado imo mwilini, na hiyo ndiyo inayokutolea macho dari asubuhi. Kama mpo wawili na wodi imetulia, kupokezana dakika 20 za kujiegesha kunasaidia sana, lakini mfawidhi ajue na akubali. Usilifanye kwa kujificha.

Ukitoka, vaa miwani ya jua. Jua la saa 2 asubuhi ndilo linaloiambia akili kumekucha. Panda gari ya abiria, pikipiki uiache nyumbani. Ukifika kula kidogo, oga, lala moja kwa moja. Usianze kufua. Chagua saa 4 ambazo utalala kila siku bila kuzibadilisha, tuseme kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 7 mchana, ukaamka na Adhuhuri ukaiwahi, kisha ukaongeza usingizi mwingine kabla ya Magharibi ikiwa unaingia tena. Dirishani tundika kitambaa kizito cheusi. Pazia la maua halizuii kitu. Feni inasaidia mara mbili, kwa joto na kwa kuzima makelele.

La kuamshwa ndilo gumu kwetu visiwani, maana anayekuamsha mara nyingi ni mtu wa heshima. Mkwe akimwona mke wa mwanawe amelala saa 4 asubuhi anaona uvivu, na wewe unaona muhali kumwambia. Mwenye kusema ni mumeo, wala si wewe. Amwambie mamake kwamba zamu ya usiku ni kazi ya kutwa nzima iliyogeuzwa, na kwamba mkewe hagongewi mlango mpaka Adhuhuri ila kwa dharura. Nyumba nyingi nilizoziona, jambo hili likisemwa mara moja kwa adabu, huisha.

Na ratiba nayo ina elimu yake. Mwili unavumilia zaidi zamu zikisogea mbele, yaani asubuhi, kisha mchana, kisha usiku, kuliko zikirudi nyuma. Unavumilia zaidi usiku 2 au 3 mfululizo kuliko wiki nzima. Usiende kwa mfawidhi na malalamiko. Kaa na wenzako wawili watatu, chora ratiba ya mwezi inayotosheleza wodi kwa idadi ileile ya watu, umpelekee karatasi. Mfawidhi aliyebanwa hukataa malalamiko kwa urahisi, lakini ratiba iliyokwisha kuchorwa humpunguzia kazi.

Kuhusu ukali kwa wazazi. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliueleza uchovu wa kazi kwa dalili tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia au kujitenga na kazi, na kujiona hufanyi lolote la maana. Halikuuita ugonjwa, ni hali inayotokana na msongo wa kazini ambao haukushughulikiwa. Wewe umenieleza ya kwanza na mwanzo wa ya pili. Bado unasema kuzalisha unakupenda, na hilo nimelishika sana. Ila jichunguze: ukiwa likizo, harusini, kwa ndugu zako, furaha inarudi? Ikirudi, tatizo liko kazini na linatengenezeka. Ikiwa huzuni inakufuata hadi huko, hutaki kula, hutaki watu, kwa wiki mbili au zaidi, hiyo yaweza kuwa sonona na inataka daktari. Najua watu wetu wakisikia afya ya akili wanafikiria Kidongo Chekundu tu, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Unguja. Muuguzi asiwe mmoja wao.

Tena pima wingi wa damu. Sisi tunawapima wajawazito kila siku, na wenyewe tunatembea na upungufu wa damu miaka.

Sasa shahada. Jipe miezi miwili ya usingizi uliotengenezwa kwanza. Baadaye jiulize unataka mikono yako ifanye nini miaka 10 ijayo. Afya ya jamii ni fani nzuri sana: chanjo, takwimu, kufuatilia milipuko ya kipindupindu, kupanga huduma za vijiji vizima. Anayeipenda aende. Lakini anayeiendea kwa kuukimbia usiku atajikuta ofisini na jedwali la kompyuta, hana mtoto wa kumpokea, na wewe nahisi utakuja kulia. Kwa maelezo yako, mimi ningekuelekeza kwenye ukunga, au uuguzi wenye mafunzo mazito ya ukunga. Shahada hukufungulia kufundisha, kusimamia wodi, kuingia katika tafiti. Zamu za usiku hupungua kadiri unavyopanda, ingawa haziishi.

Kabla hujalipa ada hata shilingi, nenda ofisi ya utumishi ya mwajiri wako na jina kamili la programu, uulize kwa maandishi: nikirudi na shahada hii nitabaki kada ya uuguzi au nitabadilishiwa kada, na daraja langu litahesabiwaje? Mtu akibadilisha kada anaweza kujikuta anaanza upya nyuma ya aliowafundisha kazi. Sifa za kujiunga zisome katika mwongozo wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, wa mwaka huohuo unaoomba, usitegemee alioingia nao shoga yako. SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ipo hapa Unguja na kozi za afya zinatolewa Mbweni, kwa hiyo si lazima uvuke kwenda Dar es Salaam. Mkopo, ulizia Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar. Watoto na boti ya Mkoani ni hesabu ya nyumbani kwenu, siwezi kukufanyia.

Wakati unasubiri, usikae ukidhani kukua kunaanzia chuoni. Miongozo inabadilika ukiwa hapohapo wodini. Tulisomeshwa kuhesabu uchungu mkali tangu njia ikifunguka sentimita 4; fomu mpya ya Shirika la Afya Duniani ya kumfuatilia mzazi, iliyotoka mwaka 2020, inaanzia sentimita 5. Ni sentimita moja tu, lakini ina maana wapo kina mama tuliokuwa tukiwaandika kuwa wamechelewa nao hawajachelewa. Mkunga aliyelisoma hilo na kuwaelekeza wenzake wakati wa kukabidhiana zamu ameshaanza kazi ya ukufunzi. Weka daftari: mafunzo uliyohudhuria, tarehe, nani alisaini, kesi ngumu ulizoshiriki bila kuandika majina ya wagonjwa. Litakufaa kwenye maombi ya chuo na kwenye kuhuisha leseni.

Na leseni yenyewe, ukienda masomoni usiiache ikafa. Afya si jambo la Muungano, hivyo Zanzibar ina baraza lake la wauguzi na wakunga, na Tanzania Bara ina lake. Ukija kusoma au kufanya mazoezi upande wa pili, uliza mapema kama utatakiwa kusajiliwa huko pia, na nakala za vyeti zithibitishwe ukiwa bado Pemba, maana kuzifuata baadaye ni nauli ya boti kwenda na kurudi.