Watoto wa marehemu dada yangu, niwaache waende kituoni?

SWALI: Dada habari za kazi. Dada yangu alifariki mwezi wa tatu ameacha watoto wawili, mkubwa miaka mitano, mdogo mwaka na miezi minne, baba yao hatujui aliko. Mimi ndo mama yao mdogo, nauza mboga, nina chumba kimoja na wangu wawili. Sasa wajomba wamekaa kikao wakasema wapelekwe kituo cha mayatima, eti kule wanakula mara tatu na shule bure, nikiwang'ang'ania nawanyima maisha mazuri. Je nawakosea? – Mama mdogo, Kilifi

JIBU: Pole sana mama mdogo. Huwakosei hata kidogo, na sisemi hivi kukufariji tu, jambo hili limefanyiwa utafiti.

Kule Romania utawala wa dikteta Ceaușescu ulipoanguka 1989 watoto zaidi ya laki moja walikuwa kwenye vituo vya serikali. Mwaka 2000 watafiti kutoka Marekani, Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah, wakaanza na watoto 136 wa vituo vya Bucharest, wa miezi 6 hadi 31, wakawagawa kwa bahati nasibu, nusu wakapelekwa kwa familia za kuwalea na nusu wakabaki kwenye utaratibu uleule (akitokea ndugu wa kumchukua mtoto hakuzuiwa), halafu wakawafuatilia miaka na miaka. Waliopata familia walizidi wenzao kwa akili, na hata kwa kumshika mlezi na kumwamini, na waliotoka kabla ya miaka miwili ndo walinufaika zaidi. Huyo mtoto mdogo bado yuko ndani ya muda huo, kila mwezi una maana!

Wale wa vituoni chakula walikuwa wanapewa. Walichokosa ni mtu wao, kwasababu walezi wanapokezana zamu na kila mmoja ana kundi zima, mtoto akilia usiku anakuja yeyote au haji mtu. Wewe sauti yako wanaijua tangu mama yao yu hai, hiyo hakuna mfadhili anayeweza kuinunua.

Wajomba waambie hata serikali ya Kenya ina mkakati wa 2022 hadi 2032 wa kuwatoa watoto vituoni warudi kwa familia. Na kwa kuwa wameweza kukaa kikao, wakae kingine wagawane, huyu unga, huyu sare na madaftari, maana ni damu yao pia na wewe peke yako utachoka.

Kisha nenda ofisi ya watoto ya kaunti ndogo ukiwa na cheti cha kifo na vyeti vya kuzaliwa, uombe ulezi wako uandikwe, na uulizie pesa za mayatima za Inua Jamii, mpango wa serikali, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya. Ni kidogo najua, na si kila anayeomba anapata, ila utafiti ulionyesha nyumba zilizopata pesa hizo vijana wao walizidi kuendelea na sekondari. Mtu akija kuwachukua kwa nguvu kabla hujamaliza hayo piga 116, simu ya kusaidia watoto, ni bure.