Maswali na majibu: Soma kwanza, saini baadaye

Tangu isikike kwamba huku Marekani majimbo ya Missouri na Nevada yanarudishiwa suala la utoaji mimba sandukuni Novemba 2026, barua zimezidi. Nyingi zinauliza yale yale. Nimechagua chache.

Baada ya misa kijana alisimama mlangoni akikusanya sahihi za kupinga utoaji mimba. Mimi nina grini kadi tu, uraia bado. Nilisaini kwa ajili ya watoto wale. Nimekosea? — Mwanakwaya, Ohio

Umekosea, dada yangu, na bora uambiwe leo kuliko siku ya usaili wa uraia. Karatasi zile za kuipeleka hoja kwenye kura zinataka sahihi ya mpiga kura aliyeandikishwa, na anayeandikishwa ni raia. Fomu haina mahali pa kujaza nia njema. Tafuta wakili wa uhamiaji umweleze kabla hujapeleka maombi yako. Catholic Charities, shirika la misaada la Kanisa, katika miji mingi wana huduma hiyo kwa ada nafuu. Usimfuate yule ndugu wa jumuiya ambaye "anajua mambo ya makaratasi".

Kupiga kura kwenyewe ni hatari zaidi. Asiye raia akipiga kura katika uchaguzi wa kitaifa ametenda jinai, na kura iliyopigwa kinyume cha sheria, hata ya jimbo au ya mji, inaweza kumfukuzisha mtu nchini. Fomu N-400 ya uraia inauliza waziwazi kama umewahi kujiandikisha au kupiga kura. Na mtego mkubwa hauko kanisani, uko ofisi ya leseni za udereva. Tangu sheria ya 1993, ukienda kuchukua leseni unaulizwa pia kama unataka kuandikishwa upige kura, na watu wetu wakishaona dirisha la serikali huitikia "ndiyo" kwa kila kitu.

Unachoweza kufanya ni kingi. Mwandikie mbunge wa jimbo lako. Nenda kwenye kikao cha kamati, toa ushahidi, beba bango. Uhuru wa kusema na wa kuilalamikia serikali haukuwekewa raia peke yao. Kuhusu kuchangia pesa za kampeni, uliza wakili kwanza. Ohio ilipitisha sheria mwaka 2024 iliyowabana hata wenye grini kadi, ikafikishwa mahakamani.

Nanyi wa kamati za kutetea uhai: kabla ya kumpa mtu kalamu, muulizeni kama ni mpiga kura. Misa ya Kiswahili imejaa watu waliokaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka mingi wakingoja ndege. Msiwaharibie kwa ajili ya idadi yenu ya sahihi.

Kwani Mahakama Kuu haikupiga marufuku utoaji mimba mwaka 2022? Mbona bado tunapiga kura? — Msomaji, Iowa

Haikupiga marufuku. Nimelijibu hili mara nyingi kiasi cha kuchoka. Uamuzi wa Dobbs wa tarehe 24 Juni 2022 ulifuta ule wa Roe wa 1973, uliotambua haki ya kutoa mimba nchi nzima, na kulirudisha suala kwa majimbo. Ndiyo maana jimbo moja linakataza karibu kabisa na jirani yake linaruhusu.

Paroko alisoma barua ya maaskofu ikitutaka tupige "hapana" kwenye hoja ya jimbo. Hiyo si siasa? Serikali haitatufungia kanisa? — Baba wa watoto wanne, Missouri

Ni siasa, na inaruhusiwa. Mnachanganya vitu viwili. Tangu 1954 sheria ya kodi inazikataza taasisi zilizosamehewa kodi kumpigia debe mgombea au kumpinga. Hoja ya kura haina mgombea. Inahesabika kama kushawishi utungaji wa sheria, na parokia inaruhusiwa kufanya hivyo mradi isiwe sehemu kubwa ya kazi zake. Ndiyo maana karibu kila jimbo lina ofisi ya maaskofu inayofuatilia miswada, kama Missouri Catholic Conference hapo kwenu.

Julai 2025 mamlaka ya kodi iliiambia mahakama moja ya Texas kwamba mchungaji akiwaambia waumini wake habari za wagombea ndani ya ibada hajavunja katazo hilo. Wapo mapadre walioshangilia. Maaskofu wa Marekani walisema papo hapo kwamba Kanisa linabaki na msimamo wake: haliungi mkono wala kupinga mgombea. Walifanya vizuri. Siku altare ikiwa jukwaa la chama, nusu ya waumini watahamia parokia nyingine na nusu itakayobaki haitasikia tena Injili.

Swali ambalo hukuuliza, na ambalo mimi ningeuliza, ni la fedha. Kansas, Agosti 2022, dayosisi kuu ya Kansas City upande wa Kansas iliweka zaidi ya dola milioni 2 kwenye kampeni ya kubadili katiba ya jimbo ili isilinde haki ya kutoa mimba. Hoja ikaanguka, asilimia 59 kwa 41, katika jimbo lenye wahafidhina wengi. Ohio, Novemba 2023, haki ya kutoa mimba ikaingia katibani kwa karibu asilimia 57. Bango mlangoni na barua moja ya kusomwa Jumapili ya mwisho havimgeuzi mtu ambaye parokia haijawahi kumwuliza amelipaje kodi ya nyumba alipokuwa mjamzito. Maaskofu walianzisha mwaka 2020 mpango wa Walking with Moms in Need ili kila parokia ijue mama mwenye shida katika eneo lake apelekwe wapi. Nenda kamuulize paroko wako unaendeleaje. Akikutazama kama umemuuliza habari za mwezini, umeshapata jibu.

Ni dhambi kumpigia kura fulani? (Nimefuta jina.) — Wasomaji wengi

Sitaji wagombea hapa. Muulizeni muungamishi.

Mswada unaruhusu kutoa mimba hadi wiki ya 12. Tukiuunga mkono, si tumekubali watoto wa chini ya hapo wauawe? — Katekista, Nebraska

Hili ni swali la mtu anayefikiri. Yohane Paulo II alilijibu mwaka 1995 katika Evangelium Vitae, namba 73: mbunge ambaye msimamo wake dhidi ya utoaji mimba unajulikana wazi, asipoweza kuifuta sheria mbaya yote, anaweza kuunga mkono pendekezo la kupunguza madhara yake. Hajashiriki uovu kwa kufanya hivyo. Mwenye kalamu ya kupigia kura anaweza kufikiri vivyo hivyo, mradi asiseme kwamba kilichobaki ni chema.

Lakini soma ulicho nacho mkononi. Nebraska mwaka 2024 mlikuwa na hoja mbili kwenye karatasi moja. Ya 434 ilizuia utoaji mimba kuanzia miezi mitatu ya pili, pamoja na vighairi; ya 439 iliweka haki ya kutoa mimba katika katiba. Ya kwanza ilipita, ya pili ikaanguka kwa tofauti ndogo. Namba zile hazikumwambia mtu chochote, na aliyezichanganya alipiga kura kinyume na nafsi yake. Ohio nako, muhtasari uliochapwa kwenye karatasi ya kura haukuwa maneno ya hoja yenyewe. Bodi ya serikali iliuandika upya, ikaweka "mtoto ambaye hajazaliwa" mahali pa neno la kitabibu. Lilinipendeza? Neno lenyewe, ndiyo. Lakini aliyetegemea muhtasari, wa upande wowote, hakujua katiba yake itasomekaje kesho yake.

Mdogo wangu ana mimba iliyotunga nje ya kizazi. Anasema sheria ya Texas na ya Kanisa zote zinamkataza kutibiwa. Kweli? — Dada mkubwa, Houston

Si kweli, na kama unasoma haya naye yuko nyumbani, acha kusoma umpeleke hospitali. Mimba ya namna hiyo ikipasua mrija inaua mama kwa kuvuja damu ndani, na mtoto hawezi kukulia pale. Sheria ya Texas haihesabu kuiondoa kuwa ni kutoa mimba. Mwaka 2025 wabunge wa huko walipitisha pia mswada SB 31 kufafanua ni lini daktari anaweza kuingilia kati kuokoa mama, kwa kuwa madaktari walikuwa wakisita kwa hofu ya jela. Sheria inayomfanya daktari ampigie wakili kabla ya kumgusa mgonjwa imeandikwa vibaya, na sisi tunaoipenda nia yake tuseme hivyo kabla wapinzani hawajatusemea.

Kwa upande wa Kanisa, maelekezo ya maaskofu wa Marekani kwa hospitali za Kikatoliki, namba 47, yanaruhusu matibabu ya ugonjwa mzito wa mama ambayo hayawezi kungoja, hata kama mtoto atapotea kwa matibabu hayo. Wanateolojia bado wanabishana ni njia ipi ya tiba inafaa kwa mimba ya nje ya kizazi. Kwamba mama atibiwe, hawabishani. Anayemwambia mdogo wako asali angoje anyamazishwe.

Igeni Kenya. Katiba yetu imekataza kabisa. — Msomaji, Nakuru

Umeisoma? Ibara ya 26(4) inakataza isipokuwa mhudumu wa afya aliyefuzu akiona kuna haja ya tiba ya dharura, au uhai au afya ya mama iko hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa ikiruhusu. Ni kwa sababu ya vighairi hivyo maaskofu wenu waliipinga Agosti 2010, wakashindwa.

Nilitoa mimba nikiwa na miaka 19. Kila Oktoba, mwezi wa kutetea uhai, mahubiri yakianza natoka nje. Nimeambiwa ni askofu tu awezaye kuniondolea. — Bila jina

Aliyekuambia amechelewa. Tangu Novemba 2016, kwa barua ya Papa Fransisko Misericordia et misera, kila padre ana mamlaka ya kuondolea dhambi hiyo. Nenda kwa padre yeyote unayemwamini, hata wa parokia ya mbali ambako hakuna anayeijua sauti yako. Huhitaji kumweleza mtu mwingine. Ukiona aibu kuanza, mwambie tu padre kwamba hujui uanzie wapi. Atakusaidia.

Wahubiri wa Oktoba nao wajue kwamba watu kama huyu wamo kwenye viti vya nyuma kila Jumapili. Anayesema "wauaji" kwenye kipaza sauti hajui anamwambia nani.

Nimepata uraia mwaka jana, Kiingereza changu ni cha kubabaisha. Kuna karatasi ya kura ya Kiswahili? Naweza kuingia na padre anisomee? — Bibi wa wajukuu saba, Kentucky

Hongera, bibi. Sheria ya shirikisho inayolazimisha karatasi za kura za lugha nyingine haikukitaja Kiswahili, kwa hiyo usitegemee kuikuta. Lakini asiyeweza kuisoma ana haki ya kuingia na msaidizi anayemchagua mwenyewe, yeyote isipokuwa mwajiri wake au wakala wa mwajiri huyo, au kiongozi au wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Omba sampuli ya karatasi wiki chache kabla, mjukuu akusomee mezani neno kwa neno, ukiuliza maswali yote hapo nyumbani. Padre anaruhusiwa, ila mimi ningemchukua mjukuu. Na kama parokia ndiyo inayokulipa kupika jikoni kwao, hapo paroko ni mwajiri wako, aende akapige kura yake.