Hapo Ni Somo la Wiki Ijayo: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nikiwa natwanga karanga, nikaurudia usiku watoto wa dada yako walipolala. Umeniuliza mambo mawili kwa pumzi moja. La kwanza, hiyo nidhamu yangu ya kuamka saa kumi na moja alfajiri nikapanda mlima wa Isamilo hapa Mwanza naitoa wapi, maana wewe kila ukianza jambo unaishia njiani: jogging ya Jumamosi umeiacha, Kiingereza umekiacha, na sasa masomo ya Chuo Kikuu Huria yanakuelemea. La pili ulilisema chinichini, kama mtu anayeomba hela: je, uahirishe mwaka mmoja?

Nakujibu kwa maandishi kwa sababu kwa sauti ungenisikia nikigomba mahali ambapo sigombi.

Habari za nidhamu yangu zinakuzwa bure. Presha ilinikuta mwaka ule ule niliostaafu. Na mimi ni muuguzi, nimewageuza wagonjwa wa kiharusi kitandani miaka mingi, najua uzito wa mtu ambaye upande mmoja wa mwili umekataa. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima atembee kwa kasi walau dakika 150 kwa wiki. Namba hiyo nimeitamka wodini mpaka nimeichoka, wala haijawahi kunitoa kitandani. Kinachonitoa ni uzito ule. Sasa hiyo ni nidhamu au ni woga? Mimi naita woga, na sioni ubaya wake ilimradi umenifikisha juu nikaliona ziwa.

Mjomba wako atakwambia nidhamu ililetwa na mchakamchaka. Unamjua akishakunywa chai: alfajiri, umande, pekupeku, kiongozi wa nyimbo mbele, aliyechelewa anasubiriwa na fimbo, na eti watoto wa siku hizi wameharibiwa na mabasi ya shule. Huwa namjibu hivi: yule kijana aliyekuwa anatuongoza nyimbo, mwenye kifua cha ngoma, leo hii anashushwa na bodaboda mlangoni kwake kabisa, na kutoka hapo hadi kwenye kiti anahema. Fimbo iliondoka, na miguu ikaondoka nayo. Nidhamu ya kusukumwa hudumu kadiri anayesukuma yupo.

Ingawa, haya, nisijifanye najua sana. Kuna asubuhi naamka bila kumwogopa mtu wala ugonjwa, miguu inatafuta raba yenyewe gizani, nami najiuliza kama si mchakamchaka ule ule bado umo ndani. Mjomba wako usimwambie nimesema hivyo.

Lakini mtu aliyenionyesha hasa jambo unaloliuliza hakuwahi kukimbia mchakamchaka hata siku moja, kwa kuwa hakuwahi kupelekwa shule. Ni bibi yako, huyo unayebeba jina lake. Kisa chenyewe umeshakisikia kwa mjomba wako, ila mjomba wako hakuwepo. Alikuwa sekondari, bweni, na anakisimulia kama aliyekuwa amekaa mstari wa mbele. Aliyekuwepo ni mimi.

Ukerewe yetu ilikuwa miongoni mwa wilaya sita zilizoagizwa kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika kabla mwaka 1971 haujaisha. Ndipo bibi yako alipoingia kisomo. Vitabu vya kisomo vya kanda yetu ya ziwa vilitungwa kufuata kazi za watu: pamba, uvuvi, migomba. Wakubwa waliona ni jambo la busara sana. Bibi yako aliona ni kichekesho. "Pamba naijua kuliko aliyeandika hiki," alikuwa anasema, "mimi nataka herufi." Mwalimu wake alicheka, wakaendelea na pamba.

Halafu mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Nchi nzima watu kama milioni mbili walikaa kwenye vikundi, wiki kumi na mbili, wakisikiliza redio, wakisoma kijitabu kwa sauti, wakijadili, kisha wanakwenda kuchimba vyoo na kufyeka majani karibu na nyumba. Malaria, minyoo, kuhara, kichocho, kifua kikuu. Kikundi chetu kilikaa chini ya mwembe wa kwa mwenyekiti, redio juu ya kigoda, mwalimu akimwita mmoja mmoja asome.

Siku hiyo zamu ikamfikia bibi yako, ukurasa wa malaria. Alisimama, akafunga kanga vizuri, akaanza. Alikwenda polepole lakini alikwenda, mpaka akafika kwenye viluwiluwi. Mwanangu, jaribu hata wewe mwenye diploma kulisoma neno hilo kwa mara ya kwanza mbele ya wanaume wa kijiji. Vi-lu. Vi-lu-wi. Akarudi mwanzo. Vi-lu. Bwana mmoja, jina lake silitaji, watoto wake bado wapo pale na ni watu wazuri, alinyanyuka, akanyoosha mkono, akasema: "Lete, mama, tusije tukakesha hapa." Akamtoa kitabu mkononi. Akasoma ukurasa wote mbio mbio kama mnada, watu wakacheka. Bibi yako akakaa. Mimi nilikuwa nyuma yake nimembeba mama yako mdogo mgongoni, nikaona shingo ya mama yangu imekaza.

Miaka zaidi ya hamsini, na mpaka leo nikisikia mtu anamwambia mwenzake "lete" kwa sauti ile, mwili unanisisimka. Niliwahi kumjia juu daktari mzima kwa ajili ya hilo "lete". Hakuelewa kosa lake, na sikuwa na muda wa kumweleza.

Jioni ile bibi yako alikwenda kwa mwalimu akaazima kitabu. Akamwuliza jambo moja tu: wiki ijayo ni somo lipi? Akaonyeshwa. Basi wiki nzima, kila usiku, kibatari, kitabu, na mimi pembeni nafuatisha kwa kidole nimkamate akikosea. Hakugusa ukurasa mwingine. Nilimwambia turuke mbele tuone na ya kichocho, kwa sababu sisi watoto wa ziwani kichocho kilituhusu, akakataa. "Somo la leo ndilo la leo." Hilo umelisikia kwangu mpaka umelichoka. Sasa unajua limetoka wapi.

Siku ya kikundi ilipofika hakungoja kuitwa. Alisimama akasoma kuanzia juu hadi chini, hakukwama popote. Watu wakanyamaza. Yule bwana akakunja mikono: "Huyu amekariri." Akamwendea, akafunua kurasa kadhaa mbele, akaweka kidole. "Haya, soma hapa."

Mama aliutazama ukurasa ule. Akatazama kidole cha yule bwana. Halafu akakifunga kitabu taratibu, kidole cha bwana nusura kibaki ndani, akasema: "Hapo ni somo la wiki ijayo. Njoo wiki ijayo nikusomee."

Mwalimu alivua miwani akafuta macho kwa kucheka. Kuna mama alipiga kigelegele mpaka mbuzi wakakimbia. Mwanangu, nimeona watoto wengi wakizaliwa kwa mikono yangu hii, na bado ukiniuliza siku yangu ya furaha, nasitasita.

Mjomba wako husema bibi alikariri, na kwamba iliyomsukuma ni hasira tu, wala si nidhamu. Alikariri? Nusu yake, ndiyo. Nasema hivyo kwa sababu upepo ulipozima kibatari aliendelea kusoma. Na hasira? Alikuwa nayo, mimi nililala naye kitanda kimoja. Lakini hasira ingemfikisha siku ile, akapata kigelegele chake, ikaishia hapo. Kumbe alikuwa ameshajifunga kwa mdomo wake mwenyewe mbele ya kijiji kizima. Wiki iliyofuata yule bwana alikuja kweli, akakaa mbele, na mama akamsomea. Na iliyofuata. Hakuna aliyemwekea fimbo. Alijiwekea deni la wiki moja, akalilipa, akakopa jingine. Ulipofika mtihani wa taifa wa kisomo mwaka 1975 alipata hatua ya tatu, akakasirika hakupata ya nne, ya juu kabisa. Baadaye lilipokuwa likitufikia gazeti la vijijini kutoka Mwanza, *Elimu Haina Mwisho*, alilisoma mpaka matangazo ndipo akaruhusu lifungiwe sukari.

Hapo ndipo mjomba wako humalizia, watu wanapiga makofi, anaongezewa chai. Mimi sijamaliza.

Usiku zile za kibatari, nani alikuwa anapika? Nani alishuka ziwani na ndoo? Nani alimbeba mama yako mdogo mgongoni huku anafuatisha viluwiluwi kwa kidole? Nilikuwa darasa la nne. Asubuhi nilikuwa nachapwa kwa hesabu ambazo sikuzifanya, kwa sababu mama yangu alikuwa anasoma. Sikumwambia hata siku moja, na naona nilifanya sawa, angeacha. Au pengine asingeacha, na hilo nalo sikutaka kulijua. Nilimkasirikia na kujivunia naye kwenye mkeka ule ule.

Halafu nikakua, nikawa muuguzi wa cheti, nikaenda kujiendeleza nipate diploma, wewe ukiwa darasa la pili. Nani alikupikia uji? Dada yako. Siku ya kicheni pati yako ulipochukua kipaza sauti ukasimulia alivyokuwa anakusuka nywele upande upande unakwenda shule umeinamisha kichwa, ukumbi mzima ulicheka. Dada yako alicheka pia. Mimi nilikuwa namtazama yeye.

Kwa hiyo unaponiuliza nidhamu naitoa wapi, naogopa jibu la kweli ni kwamba katika ukoo wetu tumekuwa tukiitoa kwa mtoto wa kike aliye karibu. Leo napanda mlima bila taabu kwa sababu nyumbani kuna mtu anayechemsha maji. Vitabu vya kujiendeleza unavyonitumia picha za kurasa zake havina ukurasa huo. Vina orodha ya asubuhi za watu wakubwa, wanaamka saa kumi, wanaandika, wanakimbia. Nani anamwosha mtoto wao?

Wewe una kazi ya ofisi, watoto wawili, masomo ya jioni, na mume. Mkwe wangu ni mtu mwema, simsemi. Ila mtu mwema anaweza kuangalia mpira mpaka saa sita usiku huku vyombo vinakungoja. Na mjukuu wangu ana miaka tisa, mara ya mwisho nilipopiga simu alinijibu anachambua mchele. Nilimsifu. Simu ilipokatika nikakaa kimya.

Sasa, kuahirisha. Sitasema. Najua chuo hicho tangu kianze kufundisha mwaka 1994 kimekuwa cha watu kama wewe, wenye kazi na watoto, kwa hiyo kupunguza mwendo hapo si aibu. Namjua mwenzangu wa wodini aliyeahirisha, akajifungua, akarudi, akamaliza, leo ni bosi. Namjua na mwingine aliyeahirisha akawa mtu wa "mwakani", na wote wawili walikuwa na akili na wote wawili walikuwa na waume. Ukinibana nitasema. Ukinikuta mlangoni na mkoba begani ningesema hata usiponibana, na unajua ningesema nini, ndiyo maana ulilisema chinichini. Lakini mwaka ni wako na usiku ni wako, nami safari hii nimeuma ulimi, ona jinsi ninavyoteseka.

Ninachoweza kukwambia bila kuvuka mpaka: kama chuo kinakuruhusu kuchukua masomo mawili, usichukue manne. Usichore tena ratiba ya rangi. Na hiyo jogging iache kwa amani, ulikuwa unaipenda fulana yake. Shuka kituo kimoja kabla ya ofisi, tembea, inatosha kuanzia.

Kabla hujajaza fomu yoyote, mkalishe mumeo, mpira ukiwa umezimwa, muulize Jumanne na Alhamisi jikoni ataingia nani. Jibu lake litakusaidia kuliko langu.

Mjomba wako anakuja Dodoma wiki ijayo kufuatilia pensheni yake. Nimempa dagaa na sato wa kukausha, mhesabie maana njiani hugawa. Akianza kisa cha bibi, mwache amalize, apigiwe na makofi yake. Kisha mbele ya mumeo muulize ni nani aliyekuwa anapika.

Mama yako