Biashara yako ikiharibia mutu kitu, nani atalipa?

Huku Lubumbashi mutu anafungua depo, anafanya kontra na mwenye nyumba, kontra na mwenye kamyo, anatia kashe kila pahali, kisha analala akijua eko salama. Lakini deni yenye inaangusha biashara mara mingi inatoka kwa mutu mwenye haukusaini naye karatasi hata moja: jirani, mupita njia, mutoto mwenye alikuja na mama yake kununua sabuni. Ile njo banaita responsabilite sivile, na naomba kila mutu mwenye kuuza, kujenga ao kusafirisha aijue mbele haiyamufikia.

Sheria yenyewe ni ya zamani, kodi sivile (kitabu cha sheria za Kongo juu ya mambo kati ya batu) kitabu cha tatu, ya 1888, na ingali inafanya kazi. Artikle 258 inasema hivi: mutu akiletea mwingine hasara kwa kosa yake, anapashwa kuilipa. Artikle 259 inaongeza kama hata bila kusudi, uzembe tu unatosha. Na 260 njo yenye benye biashara banapashwa kusoma mara mbili, juu inasema unajibu pia juu ya batu benye beko chini yako na bintu byenye uko unachunga.

Mimi niliielewa muzuri siku depo yangu iliingia maji. Niko Kampemba, nauzisha bunga na sukari, nyumba ya etaje, na juu yangu kuko jirani mwenye kazi ya kufua nguo za batu. Tunajua wote namna maji ya huku iko, inaenda muchana inarudia usiku wakati batu balishalala. Mufanyakazi wake alifungua robine, maji haikutoka, akaiacha wazi, akafunga mulango akaenda kwake. Asubui nilikuta plafo imevimba na inatona, mifuko ya bunga ya chini imekuwa mangumu kama simenti, sukari inatoka mu mifuko inanata ku viatu, na nyuki zimeshafika.

Jirani hakukatala kama maji ilitoka kwake. Alisema: «Pole sana mama, lakini ni ule kijana njo aliacha robine, nimeshamufukuza, umuulize yeye.»

Hapa njo batu mingi banachoka na banaacha. Ule kijana, hata ungemupeleka wapi, angelipa na nini? Lakini artikle 260 iko wazi: patro anajibu juu ya hasara yenye mufanyakazi wake alileta mu kazi yenye alimupatia. Muzazi ao mwalimu anaweza kujitoa akionyesha kama hakukuwa namna ya kuzuia ile kitu, lakini patro hana ule mulango. Kufukuza kijana haifute deni, inamuacha tu kijana bila kazi, na kwangu mimi ile si haki hata kidogo.

Sasa, kuwa na haki ni kitu kimoja na kuionyesha ni kingine. Unapashwa kuonyesha mambo tatu: kosa ilikuwa, hasara iko, na ile hasara ilitoka kwa ile kosa. Artikle 197 inasema mwenye kudai njo mwenye kuleta ushuhuda. Kwa hiyo tafazali, maji ikiingia, moto ikipita, ukuta ikianguka, usifagie kwanza! Najua mukono inawasha ya kusafisha juu bakiliya banakuja, lakini ukishafagia umetupa kesi yako inje. Mimi niliita jirani mwenyewe aone, nikapiga mapicha wakati plafo ingali inatona, nikaita uisye, ule mutu wa tribinali, afanye konsta (karatasi yenye kuandika yenye ameona), tukahesabu mifuko mbele ya shefu wa kartiye na mashahidi, kila mutu akasaini. Mifuko ya juu yenye ilibakia mikavu niliihamisha mbio na sikuidai, juu ukiongeza uongo kidogo mu hesabu, zuzi hataamini hata ile ya kweli.

Halafu fakitire. Soko yetu batu banapenda kununua bila karatasi, bei inashuka kidogo, kila mutu anafurai, lakini siku ya hasara unabakia kusema «nilikuwa na mifuko mingi» na hakuna mwenye anakusikiliza. Omba fakitire, hata ya kuandika na mukono, uichunge kwako, usiichunge mu depo.

Kisha nikamuandikia barua, nikaeleza yenye ilitokea, nikaweka hesabu na tarehe ya mwisho ya kulipa, naye akasaini kopi kama ameipata. Sikumutukana, tunaishi pamoja. Tulikaa na avoka wangu, tukaandika mapatano: atalipa ngapi, mu sehemu ngapi, na akikosa moja itakuwa nini. Alilipa yote. Angekatala, tribinali ya komersi iko hapa Lubumbashi na bote wawili tuko benye biashara, ningeenda bila kuogopa. Lakini mapatano yenye kuandikwa vizuri inachunga makuta na ujirani.

Geuza upande mwingine sasa, wewe njo mwenye kudaiwa. Kama uko na kamyo ya njia ya Kasumbalesa, asiransi ya motokari si mapenzi yako, ni ya lazima tangu sheria ya 1973. Zamani kulikuwa SONAS, asiransi ya serikali, peke yake, leo kodi ya asiransi ya 2015 ilifungulia kampuni zingine, kwa hiyo uhakikishe yenye unalipa iko na ruhusa ya ARCA, wenye kuchunga kampuni za asiransi, juu karatasi ya muzuri ya rangi haitalipa mutu. Shofere akigonga mutu, kesi ya penali, yenye inaazibu, itakuwa yake, lakini familia itaingia kama parti sivile, ni kusema benye kudai malipo, na wewe mwenye motokari utaitwa ulipe. Kusaidia ku matanga ni heshima na uifanye, bila kungoja avoka, lakini makuta yenye ulitoa uiandike na basaini, na usifikiri imemaliza mambo.

Angalia pia namna biashara yako imeandikwa. Tangu tarehe 12 mwezi wa 9, 2012 tuko mu OHADA, sheria za biashara zenye inchi mingi za Afrika zinatumia pamoja. Kama ni etablisma ya jina lako, biashara na wewe muko kitu kimoja, na deni ya depo inaweza kufika ku nyumba ya kulala watoto. Mu SARL, ni kusema kampuni yenye iko yenyewe mbali na mwenye kuifungua, mwenye sehemu anapoteza kwa kawaida yenye alitia, isipokuwa yeye mwenyewe ndiye alifanya kosa. Batu banaona SARL kama mambo ya bakubwa. Mimi naona mama mwenye depo njo anaihitaji zaidi.

Na usingoje. Sheria ya kawaida inapatia myaka 15 ya kudai, lakini deni zenye zinatoka mu kazi ya biashara, OHADA inazifunga ku myaka 5, na mashahidi banahama mbele ya pale.

Kitu cha kufanya hii wiki: zunguka nyumba. Artikle 262 inasema mwenye nyumba anajibu kama imeanguka juu ya kukosa kutunzwa ao kujengwa mubaya. Kama ni yako, tengeneza. Kama unapanga na umeona ukuta iko na ufa, muandikie mwenye nyumba mbele mvua ya mwezi wa 11 ianze, na ubakize kopi yenye alisaini.