Mama Rewaya Anajibu: Taa, winchi na redio chini ya boneti ya kigari cha asali

*Mama Rewaya, shikamoo. Kikundi chetu cha wafuga nyuki huku Sikonge kimepata kigari cha saidi-bai-saidi, kile cha wazi chenye viti viwili vya ubavu kwa ubavu na kitanda cha mizigo nyuma. Tunataka kufunga taa ndefu ya LED ya wati 120 mbele, taa mbili za kazi za wati 24 kila moja nyuma, winchi, redio ya mawasiliano, chaja ya simu, na pampu ndogo ya maji kwa ajili ya moto wa porini. Kijana wetu anasema vyote vifungwe chini ya boneti kwa kuwa pana nafasi tele. Betri iko chini ya kiti. Je, yuko sahihi? – Katibu wa kikundi, Sikonge*

Marahaba, na hongereni kwa kigari. Kijana wenu nampa nusu ya alama. Chini ya boneti ya vigari hivi kweli pana nafasi, maana injini mara nyingi imekaa nyuma au chini ya viti. Ila nafasi ile ina wenyewe. Kuna rejeta na feni yake, kuna shafti ya usukani, kuna kikopo cha mafuta ya breki, na katika baadhi ya vigari ndiko yaliko matundu ya kuvutia hewa ya injini na hewa ya kupooza mkanda, ule unaopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu. Nililetewa kimoja hapa Tabora kina sanduku la fyuzi limefungwa kwa tai za plastiki, limeziba tundu la hewa barabara. Mkanda ulikuwa unaungua kila wakati, na mwenye kigari amegombana na muuza vipuri mpaka hawasalimiani.

Kabla ya drili, shikeni kalamu. Kitabu cha kigari kinaandika koili ya kuchaji inatoa wati ngapi. Tuseme 500, kiasi cha kawaida kwa vigari vya namna hii. Wati hizo unazipata injini ikizunguka kwa kasi; ukiwa kwenye silensa, hujakanyaga mafuta, zinashuka sana. Na kigari chenyewe kinakula humo humo: pampu ya mafuta, kompyuta ya injini, feni ya rejeta, taa zake za kiwandani. Mkibakiwa na nusu mshukuru.

Taa ya wati 120, gawa kwa volti 12, ni ampia 10. Taa mbili za nyuma ni ampia 4. Redio ya wati 25 wakati unaongea inavuta kama 6, ukisikiliza tu haizidi moja. Chaja ya simu yenye matundu mawili weka 2 na nusu, pampu weka 6. Hapo winchi bado, na tumeshafika ampia 28 na ushei, wati 340 hivi. Mkiwasha vyote usiku mmoja huku kigari kimesimama, asubuhi mtakisukuma. Kwa hiyo amueni tangu sasa: pampu ikifanya kazi, taa ndefu izimwe.

Halafu ngoja niwaulize, ingawa nyuki mnawajua nyinyi: hizo taa nyeupe za nyuma mnataka kuwasha mkiwa mnarina? Nyuki wakichokozwa gizani wanakimbilia mwanga. Rangi nyekundu hawaioni. Wekeni kioo chekundu kwenye taa moja ya nyuma, na swichi yake iwe peke yake. Mtanishukuru.

Winchi ni habari nyingine. Yenye nguvu ya kuvuta kilo 2,000 ikilemewa kabisa inaweza kuvuta zaidi ya ampia 200. Hakuna koili ya kigari inayotoa hizo. Zinatoka kwenye betri moja kwa moja. Kwa hiyo kebo zake nene zilizokuja nayo ziende betrini zenyewe, zisipitie sanduku lolote la fyuzi ndogo. Ile rilei yake kubwa, yaani swichi inayowashwa kwa umeme, ndiyo ikae chini ya boneti, karibu na winchi, mahali pakavu. Injini iwe inanguruma mnapovuta, na mvute kidogo, mpumzike, mvute tena.

Sasa vilivyobaki: rilei, sanduku la fyuzi na baa ya kukusanyia waya za hasi. Ninachowaomba ni kitu kimoja tu: visikae ovyo kila kimoja na bolti yake. Vikae kwenye ubao mmoja. Nendeni sokoni mkanunue ubao wa plastiki wa kukatia nyama, ule mzito wa unene wa sentimita moja. Haushiki kutu, haupitishi umeme, unatobolewa kwa drili ya kawaida, na ukipasuka mnanunua mwingine. Wanaopenda urembo watumie bati la alumini la milimita 3, lakini alumini inapitisha umeme na terminali ikilegea ikagusa mtajua. Ubao huo ufungeni kwenye bolti zilizopo tayari kwenye fremu, kwa kuziongeza urefu, na katikati mtie vipande vya mpira wa tairi ili usitetemeke. Msitoboe mahali msipoona upande wa pili. Nyuma ya plastiki ile kuna rejeta au mpira wa maji, na tundu moja linatosha kuwaacha porini.

Na msifunge kitu kwenye boneti yenyewe. Katika vigari vingi boneti inachomolewa yote kwa klipu. Siku kijana akiinyanyua kwa haraka atang'oa waya zote nayo.

Mahali pa ubao mtapatafuta kwa mkono. Endesheni kigari mchana wa jua, mwendo wa polepole wenye mzigo, mpaka feni ya rejeta ianze kuzunguka. Zimeni, ondoeni boneti, mpapase. Panapounguza ndipo hewa ya rejeta inapopita, pahameni. Kisha zungusheni usukani mwisho hadi mwisho, mtu mwingine aruke ruke juu ya bampa, muone kama shafti au springi inafika hapo. Mwisho kandeni donge la unga wa ngano, mliweke juu ya kifaa kirefu kuliko vyote kwenye ubao, mrudishe boneti taratibu, mfungue. Donge likisagika likabaki wembamba wa sarafu, shusheni ubao. Kidole kimoja cha nafasi kinatosha.

Waya ya kulisha ubao itoke betrini moja kwa moja. Msiichomoe kwenye waya ya taa za kiwandani. Ile imepimiwa kazi yake. Kwa ampia hizo 28 na mwendo wa mita mbili na nusu kwenda na mbili na nusu kurudi, waya ya milimita 6 za mraba inapoteza chini ya nusu volti, inatosha. Fyuzi kubwa ya ampia 40 ikae pale pale kwenye betri, isiwe mbali zaidi ya shubiri moja. Mafundi wengi huiweka kwenye ubao kwa kuwa inapendeza macho. Lakini fyuzi kazi yake ni kulinda waya, na waya iliyo kati ya betri na ubao, ikichubuka chini ya kiti ikagusa chesisi, fyuzi iliyoko mbele haina habari. Kiti kinawaka na nyinyi mmekikalia.

Kwenye ubao wekeni rilei kubwa moja ya ampia 70. Mguu wenye namba 30 upokee kutoka betrini, wa 87 ulishe sanduku la fyuzi, wa 85 uende ethi, yaani upande wa hasi wa betri, na wa 86 uchukue umeme kwenye waya inayowaka ufunguo ukigeuzwa. Rilei yenyewe inahitaji umeme kidogo mno kuamka, hivyo hapo tu nawaruhusu kuomba kwenye waya ya kiwandani, kwa fyuzi ndogo. Faida yake: mkitoa ufunguo, vyote vya ubaoni vinalala, hata kama mtu kasahau swichi. Rilei ifungwe miguu ikitazama chini ili maji yasituame humo. Na kwa kuwa kigari chenu kitanuka asali, chagueni rilei zilizofunikwa kabisa. Sisimizi wanapenda kuingia ndani ya rilei, wakibanwa kwenye kigusio haiwaki, na fundi atabadilisha taa tatu kabla hajafikiria kuwatafuta.

Kila kifaa kitoke na fyuzi yake: taa ndefu ampia 15 kwa waya ya milimita 2.5, pampu 10, taa za nyuma 7.5, chaja 5. Redio msiipitishe hapo. Ipeni waya zake mbili mpaka betrini na fyuzi zake, kwa sababu taa nyingi za LED za bei rahisi zinatoa mlio unaoingia kwenye redio, na mtu aliyepotea msitu wa Ugalla hatafaidika na mlio huo.

Ethi za vifaa vyote zikusanyeni kwenye baa moja ya shaba ubaoni, na baa hiyo irudi betrini kwa waya ya milimita 6 ileile. Chesisi ya vigari hivi imepakwa rangi nzito, na kuitegemea ni kujitafutia kazi. Waya zikitoka ubaoni zishuke kwanza, ndipo zipande kwenda zinakokwenda, ili maji ya masika yadondokee kwenye kona na si ndani ya kiungo. Zinapopita kwenye bati mtie raba. Na andikeni. Kipande cha plasta cheupe, kalamu ya wino usiofutika, "taa mbele", "pampu". Atakayefungua boneti ile saa nane usiku na tochi mdomoni anaweza kuwa si yule aliyeifunga.

*Mama, waya za kufunga taa kwenye kigari cha shambani dukani kwetu hakuna, zipo za nyumba tu, ile nyekundu na nyeusi ya nyuzi moja nene. Naweza kutumia? – Mkulima wa tumbaku, Urambo*

Usitumie. Ile imetengenezwa kulala ukutani isiguswe. Kwenye mtetemo inakatika ndani huku ganda lake zima, nawe unaona waya salama kumbe umeme haupiti. Tumia ya nyuzi nyingi nyembamba. Na viungo vibane kwa koleo la kubania terminali. Kulehemu peke yake hakufai kwenye chombo kinachorukaruka, kwa sababu pale lehemu inapoishia waya hukakamaa na hapo ndipo inapovunjika. Kama huna koleo lile, azima. La kung'olea misumari halibani, linaponda.

*Shikamoo Mama Rewaya. Kigari chetu kinabeba chumvi hapa Uvinza. Taa za ziada zinafifia kila baada ya miezi michache, fundi anabadilisha taa, zinapona, zinafifia tena. Betri mpya, na inachaji vizuri. – Dereva, Uvinza*

Marahaba, dereva. Taa zako sina shaka nazo. Fundi anapobadilisha taa anakwangua pia ule mwisho wa waya, na kukwangua huko ndiko kunakoponya kwa muda. Washa taa, weka maltimita kwenye volti, ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye hasi ya taa pale pale inapoingia. Ikisoma zaidi ya robo volti, ethi imeliwa. Fanya hivyo hivyo upande wa chanya: chanya ya betri na chanya ya taa.

Chumvi inavuta unyevu hata siku ya kiangazi, na unyevu ukiingia kwenye kiungo unapanda ndani ya ganda la waya. Menya sentimita chache uone: shaba itakuwa ya kijani au nyeusi. Kata, menya tena, kata, mpaka uone inang'aa. Waya iliyobaki ikiwa fupi, achana nayo, vuta mpya. Kwa kazi yenu tafuta waya ya boti, ile ambayo kila uzi umepakwa bati. Kigoma mjini waulize wanaotengeneza injini za boti ziwani. Kiungo kivishe tyubu inayosinyaa kwa moto, yenye gundi ndani, na terminali za betri upake grisi baada ya kufunga. Tepu nyeusi peke yake inahifadhi maji ya chumvi vizuri kuliko chupa.

Kigari kioshwe kwa maji baridi, yasiyo na chumvi, kila jioni, chini na juu, ila mpira wa maji ya kasi usielekezwe chini ya boneti.

*Mama, panya wamekula waya chini ya boneti mara ya pili msimu huu. Kuna dawa? – Nzega*

Dawa ya kupaka sijaiona ikidumu. Kigari kinacholala karibu na ghala la mahindi au karanga kitaliwa tu, kwa hiyo kihamishe kwanza. Waya zivishe mpira mgumu wenye mikunjo, na mwisho wa mpira uzibwe. Boneti kama inachomoka, iondoe usiku. Panya anapenda giza na joto la rejeta iliyotoka kazini, pakiwa wazi hapajengi. Na asubuhi kabla ya kuwasha, kagua waya ya feni ya rejeta kabla ya zote. Taa ikikatwa utaona. Feni ikikatwa utaambiwa na mvuke.