Spini ya kobalti: je, sumaku peke yake inatosha kutoa ushahidi?

SWALI: Mhariri, ninafundisha kemia kidato cha sita. Wanafunzi wangu wanajua kwamba ayoni ya kobalti yenye chaji chanya tatu inaweza kuwa na spini (usumaku mdogo wa elektroni zake) ya juu au ya chini. Mmoja ameniuliza: ndani ya oksidi, ambayo ni unga mgumu usioyeyuka, mtu hujuaje ayoni iko katika hali ipi? Nimekosa jibu la kumridhisha.
Mwalimu, Morogoro

JIBU: Mwalimu, swali hilo limewagawa wanafizikia kwa zaidi ya nusu karne, hasa kuhusu oksidi ya lanthani na kobalti, LaCoO3. Kobalti yake ina elektroni sita katika obitali za d, yaani nafasi zake za nje. Kila elektroni isiyo na mwenzi huchangia spini ya nusu. Zikijipanga mbili mbili, spini ni 0. Zikitawanyika, nne hubaki bila mwenzi na spini ni 2. Mwaka 1996 Korotin na wenzake walitetea hali ya kati, yenye elektroni mbili zisizo na mwenzi na spini 1.

Njia kongwe ni mizani na sumaku. Unga mweusi hutiwa katika neli nyembamba ya kioo inayoning'inia kwenye mizani, ncha yake ya chini ikiwa katikati ya sumaku. Sumaku ikiwashwa, unga wenye elektroni zisizo na mwenzi huvutwa, na mizani husoma uzito zaidi. Katika baridi kali LaCoO3 karibu haivutwi kabisa, kisha kadiri inavyopata joto mvuto hupanda hadi kilele karibu na kelvini 100. Kwa hiyo spini inabadilika. Ugomvi ni inakuwa ipi.

Hapo ndipo mizani inapokwama, kwa sababu inatoa wastani. Kwa hesabu ya spini peke yake, mraba wa momenti (nguvu ya usumaku) ya ayoni ni n(n+2), ambapo n ni idadi ya elektroni zisizo na mwenzi: 24 kwa spini ya juu, 8 kwa hali ya kati. Sasa chukua unga ambamo theluthi moja ya kobalti ina spini ya juu na theluthi mbili zina spini ya chini: wastani ni 8 vilevile! Mizani haiwezi kuutofautisha na unga ulio wote katika hali ya kati.

Ndiyo maana tunahitaji eksirei. Katika njia ya utoaji wa eksirei, elektroni ya ndani kabisa hung'olewa, elektroni ya 3p (ya tabaka la tatu) hushuka kujaza pengo, na mwanga unaotoka huwa na mstari mkuu wenye kinundu pembeni, upande wa nishati ndogo. Kinundu hicho hukua kadiri jumla ya spini ya d inavyokuwa kubwa. Nacho ni wastani, lakini ni wastani wa spini yenyewe: unga wetu wa theluthi utatoa 0.67, na ule wa hali ya kati utatoa 1. Mashahidi hawa wawili hawakosei kwa namna moja, na hapo ndipo thamani ya kuwasikiliza pamoja. Eksirei hizo hupenya hata almasi zinazobana sampuli, na mwaka 2003 Badro na wenzake walizitumia kuonyesha kwamba chuma ndani ya oksidi ya magnesi na chuma hushuka spini kwenye mgandamizo wa gigapaskali 60 hadi 70, kama ule wa kina cha dunia.

Ushahidi ninaouamini zaidi kwa LaCoO3 ni wa ufyonzaji wa eksirei za karibu elektroni-volti 780, ambapo elektroni ya 2p hurukia d. Hapa umbo zima la mchoro wa ufyonzaji kwa kila nishati hubeba alama ya kila hali, wala si kimo chake tu. Mwaka 2006 Haverkort na wenzake waliulinganisha mchoro huo na hesabu za nadharia, wakakuta mchanganyiko wa spini ya chini na ya juu. Tahadhari yake ni moja: mara nyingi kipimo hiki huona nanomita chache tu za juu, hivyo sampuli yenye uso mchafu itampotosha mpimaji.

Mwanafunzi wako mpe kwanza ile hesabu ya theluthi aifanye mwenyewe.